Aliyeitikia Sita

Niamini au uache, lakini shahidi wangu yu hai, anakaa Chemchem, na bega lake la kushoto limeinama mpaka leo.

Tulikuwa watano, watu wa akiolojia, tukitafuta mabaki ya njia ya misafara ya zamani kwenye msitu wa miyombo ng'ambo ya Puge. Nikueleze kazi yetu, si ngumu. Hatuanzi na jembe. Tunajipanga mstari mmoja, hatua kumi na tano kati ya mtu na mtu, tunatembea tukiangalia chini: kigae, shanga, mawe ya mafiga. Vichaka vinaficha watu, kwa hiyo kila baada ya muda tunaitana kwa namba. Mimi kiongozi ni moja. Wa mwisho kushoto, namba tano, alikuwa Mwanahawa. Nyuma yetu alikuja Kulwa, mrina asali wa huko aliyetuongoza.

"Mzaramo wewe, ukipotea humu masikio yetu yatapumzika!" Kulwa alimtania Mwanahawa.

"Nyuki wenyewe wamekuchoka, Mnyamwezi!"

Saa nane mchana nikaita. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Kisha, kushoto kabisa: "Sita."

Sauti ya mwanamume aliyechoka. Nikadhani Kulwa kajiunga na mstari. Hapo ndipo nilipokosea, nilimpokea. "Sawa, Sita, twende!"

Punde Kulwa akanigusa mgongoni, dumu la maji mkononi. "Sita ndiye nani, bosi?"

Wewe ungefanya nini? Mimi niliita upya. Nne akaitika. Tano kimya.

"Sita," ikasema ile sauti, mbali zaidi.

Tulikimbia. Tukamkuta Mwanahawa akizidi kuingia msituni, kainama, mkono umeshikilia kitu begani. Begani hapakuwa na kitu. Tulimwita, hakugeuka. Nikamvuta mkono, ilikuwa kama kuvuta mti.

Kulwa alimkatiza njia na kuufokea upande wa kushoto wa Mwanahawa, uliokuwa mtupu: "Wewe! Umekosa watu mpaka umtwishe Mzaramo? Mvivu huyu, mzigo wako atauuza njiani! Mtue!"

Utani wa makabila yao, wanasema, ulikomaa kwenye njia hizo hizo za wapagazi. Na mtani hakasirikiwi, hata na marehemu.

Mwanahawa akaanguka chini. "Mvivu baba yako," akamjibu kwa sauti ndogo. Sikuona haya, nililia.

Baadaye alituambia mwanamume mmoja alimwomba amsaidie mzigo mpaka kambini. Alipokataa, yule alimwambia, "Bosi wako kashanihesabu."

Hospitali hawakuona tatizo kwenye bega. Mwanahawa hajanilaumu, nami sijajisamehe.

Kazi hii bado naifanya, na ukitaka kujifunza nitakufundisha kwa moyo wote. Utaipenda. Ila hesabu watu wako kwa macho kabla hamjaingia msituni, na mkiwa ndani mwitane kwa majina. Akiitika wa ziada, piga filimbi, simama, subiri wenzako wakufikie. Usimjibu. Hata kama sauti yake inakutia huruma, na itakutia, usimwambie twende.