Marraine Aliyebaki Butembo

Ukibonyeza, unasema. Ukiachia, unasikia. Maneno hayo niliyarudia mpaka mate yakanikauka, na bado kila asubuhi hakukosekana mtu wa kung'ang'ania kile kitufe, akamlilia mkewe aliyeko Beni, kisha akanigeukia mimi kwa hasira: "Papa Josias, juu ya nini hajibu?" Atajibuje, nawe umemziba mdomo?

Kazi yangu ilikuwa foni. Msifikiri nasema simu. Simu za mkononi wakati ule, mwaka 2000 na 2001, zilikuwa za wakubwa wa vita na matajiri wachache wa Goma. Foni ni redio ya kusemezana: sanduku la chuma, betri ya gari, waya mrefu uliofungwa kwenye mikaratusi miwili, na mimi mwenyewe. Kibanda changu cha mbao kilikuwa mtaa wa Mapendo, Goma, mashariki ya Kongo, juu ya yale mawe ya volkeno yanayokula soli za viatu. Sisi Goma tulikuwa na waasi wetu, Butembo nao walikuwa na waasi wao, na katikati, kule Kanyabayonga, walikuwa wakitazamana kwa bunduki. Barabara ikafa. Watu wa mkoa mmoja wakawa wanaulizana habari kupitia kwangu, huku foleni nzima imetega masikio. Siri kibandani kwangu haikuwepo. Butembo ikijibu, ilijibu kwa kipaza sauti, na mama muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, aliyekuwa akingoja zamu yake aliguna pale pa kuguna.

Katika wateja wote hao, aliyenikaa moyoni ni mwalimu Kaswera.

Alikuwa binti wa Butembo, mrefu, mwenye mwendo wa mtu aliyechelewa hata akiwa amewahi. Alisomea ualimu Bukavu, akapata kazi Goma miezi michache kabla ya vita vya pili, akawaambia wote kwamba amekuja kwa mwaka mmoja tu. Vita vikamcheka. Goma hakuipenda, na hakuficha. Ziwa lile pale, lakini maji ya kunywa unayasaka na bidoni kichwani. Vumbi jeusi hata kwenye meno. "Mji gani huu," aliniambia siku moja, "ambamo hata kaburi linachimbwa na baramini ya kuvunja mawe?" Mimi ni mzaliwa wa Goma. Sikupendezwa.

Aliyekuwa akimtafuta Butembo hakuwa mama yake kwanza, ingawa mama yake alikuwa kule. Alikuwa akimtafuta Nshobole, rafiki yake wa chuo. Hapo ndipo dunia ilipofanya kichekesho. Nshobole ni Mshi wa Bukavu, alisoma na Kaswera darasa moja na kulala naye chumba kimoja, akapendwa na mwanafunzi wa Butembo aitwaye Achille, akaolewa, akaenda kuishi Butembo. Kwa hiyo Mshi alikaa Butembo, akajifunza Kinande, akamtembelea mama yake Kaswera kila baada ya misa. Na Kaswera, Mnande mwenyewe, alikaa Goma akisimuliwa habari za kwao na mgeni.

"Mama yako ananiitaka kila siku mutoto wake," Nshobole alisema siku moja kwenye kipaza sauti. Kaswera alicheka, akajibu "vizuri", akatoka nje kupenga kamasi. Wivu na hamu vilimjia pamoja. Aliporudi hakuangalia mtu.

Urafiki wao haukuwa wa madaftari tu. Vita vya kwanza viliwakuta Bukavu, Oktoba 1996, bado wanafunzi. Mji ulikimbia wote kwa mara moja, na katika msukumano Kaswera alipoteza viatu vyote viwili. Nshobole alivua chake cha kushoto akampa, akabaki na cha kulia. Wakatembea hivyo hadi Walungu, kwa mama yake Nshobole, kila mmoja mguu mmoja ndani ya kiatu na mwingine chini. Ukitumia akili ya kawaida, huo ni upumbavu, maana wote wawili walifika wanachechemea badala ya mmoja. Lakini Kaswera alipokuwa akinisimulia alikuwa akitabasamu kama mtu anayesimulia karamu. Na huko Walungu waliahidiana: atakayetangulia kuolewa ndiye atakayekuwa marraine wa mwenzake.

Kwetu marraine si mtu wa kushika maua. Ni mwanamke aliyeolewa, anasimama nyuma yako kanisani, na baada ya hapo anabaki mama wa ndoa yako. Mumeo akikosa, unakwenda kwake. Ukikosa wewe, anakuja kwako.

Donat alipomchumbia Kaswera, jibu lilikuwa ndiyo, tena ndiyo ya furaha. Donat ni fundi seremala, mtoto wa Goma, mtu wa maneno machache. Alijenga nyumba ya mbao njia ya Lac Vert, akaipaka rangi ya kijani, akauliza harusi ni lini. Kaswera akasema: "Marraine wangu ni Nshobole. Tungoje barabara ifunguke."

Wakangoja. Barabara ilifunguka miaka mingi baadaye, lakini wakati ule nani alijua? Pasaka ikapita. Noeli ikapita. Mwishowe Nshobole akasema atazunguka Uganda kama wafanyavyo wafanyabiashara: atatokea mpaka wa Kasindi, aingilie ule wa Bunagana, ashuke Rutshuru mpaka Goma. Siku ikapangwa, padri akaanza kutangaza ndoa kanisani.

Sasa lazima niwaeleze jambo moja. Kutaja vita kwenye foni kulikatazwa, na tulijua wanaotukataza wanasikiliza. Kwa hiyo sote tulikuwa tunasema mvua. Mvua imenyesha Lubero, mvua kubwa Masisi, na kila mtu alielewa. Basi wiki ile Nshobole akaita, sauti inakwaruza, akamaliza kwa "À vous", neno letu la kumwachia mwenzio zamu: "Kaswera, sitakuja tena. Mvua ilipiga sana, njia ya Kasindi imekatika. À vous."

Kaswera alishika meza yangu. Hakuuliza zaidi, kwani unaulizaje? Alikwenda moja kwa moja kwa padri kusimamisha harusi, akisema hawezi kucheza ngoma wakati kwao kunaungua. Alishinda siku zile zote akilia, na Donat akishinda naye. Zamu iliyofuata akauliza kwa sauti ya matanga ni nani na nani wamekufa.

"Kufa na nini?" Nshobole akashangaa. "Ni mvua ya maji, wee! Mvua ya Mungu! Daraja njo ilienda na maji!"

Foleni yangu ilicheka mpaka mbao zikatikisika. Kaswera naye alicheka, huku machozi yakimtoka kwa afueni. Donat hakucheka.

Daraja lilipotengenezwa, Nshobole alikuwa na mimba, na kwa mwenye mimba ile njia ya Uganda ni kujitafutia msiba. Kaswera akasema basi, tungoje ajifungue. Hapo subira ya Donat ikafika ukingoni. Alimkuta kibandani kwangu, akavua kofia, akasema mbele ya watu wote, bila kupaza sauti: "Nyumba nilishamaliza, sasa panya njo wanakaa ndani. Miye siwezi shindana na mutu mwenye sionaka hata siku moja. Kama harusi iko, ikuwe mu hii mwezi. Kama haiko, uniambie tu, sitakasirika."

Nilimwamini. Watu kama Donat hawakasiriki, wanaondoka tu.

Na kulikuwa na mwanamke mwingine, ambaye sijamtaja kwa sababu hata yeye alikuwa hajitaji. Jina lake Umutesi, mwalimu wa shule ile ile ya Kaswera, mzaliwa wa Rutshuru, mke wa katekista Twagirayezu. Kijiji chao kiliungua, wakakimbilia Goma kabla ya Kaswera kufika, kwa hiyo alijua ugeni ni nini. Kaswera alipofika na sanduku lake moja, Umutesi alimlaza kwake, akamwonyesha wapi pa kuteka maji na fundi gani wa viatu hatamwibia. Hata alipopata chumba chake, maharage ya Umutesi yaliendelea kuvuka uzio. Kila Kaswera alipokuja kwenye foni, Umutesi alikuja naye, akasimama mlangoni ameshika sweta ya mwenzake, na Kaswera akimwambia "nakuja, nakuja" hata kabla hajaachia kitufe.

Ndoa yake ilikuwa safi, nyumba yake jirani. Marraine wa namna hiyo unamtafutia nini Butembo? Lakini Kaswera hakumwomba kamwe. Na miaka ile watu walikuwa wanapimana kwa lugha, na ya Umutesi ilikuwa ile inayosemwa pia ng'ambo ya mpaka, kwa wale waliolaumiwa kwa vita. Wajomba wa Kaswera walioko Goma walinong'ona kuwa afadhali mtu wetu, hata akiwa mbali, na hata huyo mtu wetu akiwa Mshi. Mnong'ono hauna uzio.

Siku moja Umutesi alibaki nyuma, akaniuliza huku akitazama sanduku la foni: "Papa Josias, ni juu ya luga yangu?"

"Sijuwe, mama," nikamjibu, na kweli sikujua.

"Nashindwa kumuuliza. Akisema ndiyo, nitakaa naye namna gani?"

Nilipata hasira siku nzima, na sikujua nimkasirikie nani. Kaswera sidhani alikuwa na ubaya huo. Nadhani alikuwa na hamu tu, na hamu inaweza kumfanya mtu apite mbele ya aliye karibu bila kumsalimu. Alikiri mwenyewe mbele yangu: "Namukumbuka Nshobole mupaka tumbo inaniuma, Papa Josias. Nikichukua marraine wa hapa, ni kama nimekubali kama sitarudia kwetu."

Basi alikuja asubuhi moja ya Jumamosi kumwuliza Nshobole neno la mwisho. Donat aliketi nje juu ya jiwe. Umutesi mlangoni, na sweta. Nikaita Butembo. Kimya, mlio tu kama wa mafuta kikaangoni. Nikaita tena, hakuna. Kaswera akaanza kusema hata bila jibu, kisha ikaingia sauti nzito ya kiume.

"Goma, Goma, hapa Bunagana."

Nilimjua. Mulumeoderhwa, mtu wa foni wa mpakani, kazi yake kutangazia matajiri malori ya saruji na maharage yaliyokwama douane, pale forodhani, na kuwatukana madereva wao. Sijawahi kumsikia akisema neno tamu.

"Butembo anakusikia muzuri," alisema. "Weye njo haumusikie. Miye nawasikia wote. Nipitishe maneno? À vous."

Kaswera alinitazama. Nikampa ishara aendelee.

"Muulize Nshobole," alisema, akaanza tena. "Muulize kama nimungoje mupaka azale. À vous."

Tukangoja. Hata muuza sambaza aliacha kuguna.

"Anasema hapana," Mulumeoderhwa akarudisha. "Anasema usimungoje. Anasema hata kesho barabara ifunguke, yeye atakuwa na mutoto mugongoni, atakuja kama mugeni, ale, arudie kwake. Anasema marraine hawezi kuwa mugeni. Anasema... analia. Hapana, pardon, anasema nisikuambie kama analia."

Kaswera aliziba uso kwa mkono mmoja. Mwingine ulibaki kwenye micro ya kusemea.

"Anauliza," akaendelea yule mtu, polepole sasa, kama anayebeba mayai, "kila mara unaambiaka mutu 'nakuja, nakuja'. Ule mutu ni nani?"

"Ni Umutesi. Jirani yangu. À vous."

"Anasema umupe micro."

Umutesi alirudi nyuma hatua moja, sweta mkononi, akatikisa kichwa. Nilimvuta mimi mwenyewe. Nikamkalisha kwenye kiti changu.

"Mama Umutesi," ilisema sauti ya Bunagana. "Nshobole anasema anakuachia huyu. Anasema ukimuuliza kama alikula, atakuambia ndiyo. Anasema umuulize mara ya pili. À vous."

Umutesi alibonyeza kitufe. Alisema taratibu, kama anayejibu swali la sokoni.

"Umuambie nilishajua. Ya kwanza anadanganyaka."

Bunagana ilipitisha. Tulipomsikia tena Mulumeoderhwa sauti yake ilikuwa imelowa. Alisema Butembo anacheka. Akasema lori la saruji linamngoja, na akafunga bila kuaga, kama kawaida yake.

Kaswera alikuwa amesimama katikati ya kibanda. Alimtazama Umutesi kwa muda mrefu, nadhani kwa mara ya kwanza tangu afike Goma. Nje Donat alikuwa amesimama pia.

"Umutesi," Kaswera akasema, "utakubali kunisimamia?"

Umutesi alikuwa ameinama, anaikunja sweta, anaikunjua. "Hapana, Kaswera. Iko sawa. Miye sikukuja juu ya ile. Tafuta mutu wenu, wajomba wafurahi."

Kaswera alipiga magoti mbele ya kiti changu, juu ya sakafu yangu ya mbao iliyojaa vumbi jeusi, akamshika mikono yote miwili pamoja na ile sweta, akamuuliza mara ya pili.