Viroboto wa Leonardi

Sisi watu wa Pito tunasifiwa kwa adabu. Ukipewa ugali mbichi unakula na kushukuru, na ukikanyagwa mguu, wewe ndiye unayeomba radhi. Mimi adabu hiyo inanichosha, na aliyenichosha nayo ni Leonardi.

Alikuwa mkulima wa ulezi, mpole, asiye na mtoto. Mkewe Marsiana alifariki mwaka uliofuata mwisho wa vita, ile ya pili ya dunia. Asubuhi alikuwa shambani akipalilia, jioni akawa maiti. Kifo cha namna hiyo kwetu hutafutiwa mtu aliyekileta. Lakini hakuna aliyesema neno mbele ya Leonardi, nasi tulimzika marehemu kwa heshima zote.

Leonardi akabaki na paka wawili na mbwa wa marehemu, jina lake Sumuni. Walilala naye kitanda kimoja, maana baridi yetu ya mwezi wa sita haina mchezo, na nyumba ya mtu mmoja haipati joto.

Watu waliendelea kumtembelea. Waliingia, wakapiga makofi ya salamu, wakaketi. Kabla pombe haijaletwa, mmoja alikumbuka chungu chake kiko motoni, mwingine alikumbuka mbuzi hajafungwa. Hata Cornelia, mdogo wake Marsiana, aliyekuwa akishinda katika nyumba ile dada yake akiwa hai, sasa aliishia mlangoni. Leonardi akapata jibu lake mwenyewe: wanadhani nimemuua. Hakuuliza. Naye alikuwa mtu wa Pito. Aliishi na wazo hilo miaka mingi, akizungumza na mbwa.

Aliyemfungua macho ni Huseni, kijana wa mjini Sumbawanga, wa familia yenye duka na lori. Alikuja kununua ulezi, lori likamharibikia, Leonardi akampa kitanda chake. Asubuhi kijana alitoka nje akijikuna mpaka damu. Mama yake hakumzaa Pito, kwa hiyo alisema.

"Mzee, nyumba yako ina viroboto. Mtu hawezi kukaa humu."

Leonardi hakuwa akiwasikia tena, mwili ulikwisha kuwazoea. Alitazama miguu ya Huseni iliyojaa vipele, akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka na kijana akaingiwa na wasiwasi. Alifurahi, masikini. Kumbe ni viroboto tu!

Alianza kazi siku ileile. Alitoa kila kitu nje, akachoma majani ya kitandani na gunia la Sumuni, akaanika mablanketi juani. Alitwanga majani ya utupa, yaleyale yanayolevya samaki, akayaloweka na kumwosha mbwa kwa maji yake. Paka hakuwaosha kwa utupa kwa sababu hujilamba, basi akawapaka majivu na kuwachana manyoya. Alimwaga maji ya moto sakafuni, akafagia kila ufa, akakandika upya kwa samadi na majivu. Baada ya siku chache wakaonekana wengine, waliotoka kwenye mayai. Akarudia yote, kisha akarudia tena. Mwisho alijifunga miguuni shuka jeupe la marehemu, akasimama katikati ya chumba ili kiroboto akirukia aonekane. Hakuruka hata mmoja.

Hapo akapika pombe ya ulezi, akamwalika Cornelia na majirani. Walikuja wote, wakaketi nje chini ya upenu. Akawakaribisha ndani. Walisema hapo hapo panatosha, tena kuna kajua kazuri. Akawakaribisha mara ya pili, wakasifu pombe. Leonardi alisimama na kata mkononi, akasema kile ambacho kwetu hakisemwi.

"Nyumba ilikuwa na viroboto, nami sikujua. Nimewamaliza. Miaka yote hii nilidhani mnaniona mimi ndiye niliyemuua Marsiana."

Watu waliinamia pombe yao. Cornelia ndiye aliyejibu, kwa upole, macho yake chini.

"Viroboto gani, shemeji? Sisi hatujapata kuona kiroboto hapa kwako."

Wengine wakaitikia kwamba ni kweli, hawajapata kuona.

Leonardi alibaki amesimama, akisubiri wamjibu na lile jingine, la Marsiana. Alisubiri mpaka chungu kikaisha. Walipiga makofi ya kuaga, wakamshukuru sana, wakaenda zao kwa mstari kwenye kinjia cha mashambani, Cornelia akiwa mbele.

Aliingiza vigoda ndani. Kisha akamwita Sumuni, akafunga mlango.