Mrithi Mwenye Heshima

Mrithi alikuja kwa pikipiki kutoka machimbo ya Lusangi, akasema yeye ndiye kaka yake Latifa, yule kijana aliyepotea wakati wa vita. Latifa alimwamini. Mgeni huyo alikunja shati lake kabla ya kulala, alishukuru hata kwa maji ya kunawa, na sauti yake haikupanda kamwe. Duka la marehemu baba yao, hapo sokoni Kasongo, lilingoja neno la bibi yao tu, naye akaletwa kutoka Kabambare.

Bibi alimtazama, akacheka. "Bwana yangu, umezeeka mubaya hivi? Nani atakutaka tena?" Ukoo mzima ulingoja jibu la matusi, maana mjukuu asiyemtania bibi yake bado hajamsalimia. Mrithi aliinama, mikono kifuani. "Shikamoo, bibi. Unisamehe."

Hakuna aliyecheka. Bibi alikuwa amemwita mwanamume wa watu mume wake, mbele ya wanawe, akavuta kitenge hadi machoni. Mrithi naye alitazama vidole vya miguu yake. Latifa, aliyemchinjia kuku, hakujua atazame wapi.

"Mupatie mugeni chakula, arudie kwao," bibi alisema ndani ya kitenge. "Iko na heshima mingi."