Nafasi Moja ya Kwenda India

Ujumbe wa binti yetu uliingia Jumapili, tumetoka kanisani. Niliusoma kwa sauti nikiwa nimesimama uani, kuku wananizunguka miguuni. Alikuwa anamaliza masomo ya famasia huko India baada ya miaka minne. Kutakuwa na sherehe, na chuo kitampokea mzazi mmoja, kitampa pa kulala na chakula kwa wiki mbili. Mmoja tu. Mke wangu alikuwa ameshika ungo, anapepeta maharage. Akauliza, "Mmoja?" Nikajibu, "Ndiyo, mmoja," na hapo hapo nikaanza kufikiria nitavaa koti lipi.

Sikumuuliza kama naye anataka kwenda. Nalisema hilo bila kujitetea. Tangu watoto wetu waanze shule hapa Endasak, kila barua iliyosema mzazi afike shuleni niliichukua mimi, nikapiga viatu rangi, nikaenda. Yeye alibaki na ng'ombe. Hakuna aliyetupangia hivyo, ni mazoea tu, na mazoea yana tabu.

Basi nikaanza maandalizi kwa kishindo. Nilinunua daftari jipya nikaandika juu yake SAFARI. Mimi sijawahi kuvuka mpaka wa nchi hii, mbali nilikofika ni Dodoma, lakini mdomo wangu ulishapanda ndege zamani. Watu waliponiambia India ni nchi kubwa mno, ina makabila na dini zisizohesabika, niliwajibu, "Mnanitisha mimi? Nimekulia kwenye mnada wa Katesh! Muiraqw, Mbarabaig, Mnyaturu, Mrangi, kila mtu na lugha yake, wanabishana bei ya mbuzi mmoja, na jioni wote wanarudi makwao salama." Wakacheka, nami nikajiona mjanja.

Likaja suala la zawadi. Kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu, tena mtu aliyekulelea mtoto. Nikaamua mkuu wa chuo nimpelekee kitu cha heshima kuliko vyote nyumbani kwetu: ngozi ya dume letu lililolima miaka tisa bila kutusumbua. Mgeni mkubwa kwetu alitandikiwa ngozi. Niliilainisha kwa siagi siku tatu mpaka mikono ikaninukia. Mke wangu alipita akaiangalia, akasema, "Baba, si uulize kwanza?" Nikamwambia, "Mama, ngozi nayo inaulizwa?"

Katesh kuna mzee mwenye duka la vitambaa, aliyewahi kumpeleka mkewe India kutibiwa. Nikaifunga ngozi nyuma ya pikipiki kwa mpira, nikaenda kumwonyesha, nikitegemea sifa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu. Mbona mzigo umeufunga kama mgonjwa anayepelekwa hospitali?"

Nikamfungulia, nikamweleza. Mzee alinitazama, akaitazama ngozi, akaanza kucheka mpaka akashika meza. "Ngozi ya ng'ombe! India! Ee Mola, huyu mtu atarudishwa toka mlangoni!" Alipopata pumzi akanieleza taratibu kwamba wako wengi kule wanaomheshimu ng'ombe kama mama, hawamchinji wala hawamli. Wengine wanamla. Wengine hata yai hawagusi. "Inategemea unafikia kwa nani. Huyo mkuu wa chuo ni wa dini gani?"

Sijui.

"Anakula nini?"

Sijui.

"Pale anapokaa binti yako wanaongea lugha gani?"

Hapo nikasema kwa uhakika, "Kihindi."

"Nani kakuambia? Ile nchi ukivuka jimbo moja, hata maandishi kwenye vibao vya barabarani huyatambui. Nenda kamuulize mtoto wako, mwanangu. Kuuliza si ujinga."

Nilirudi na ngozi yangu nikiwa nimefura. Nilimkuta mke wangu anapukuchua mahindi. Nikamsimulia, nikisubiri anicheke. Hakucheka. Aliendelea kupukuchua huku akisema, "Mkuu wa chuo ni mama mmoja mjane. Hali nyama ya aina yoyote. Mpelekee kikapu, anapenda vitu vya kusuka. Pale wanaongea Kitamil. Ukifika nyumbani kwa mtu unavua viatu mlangoni. Wali wanakula kwa mkono kama sisi, ila pilipili yao itakuliza. Na hospitali yao ni nzuri, chakula kinaletwa mpaka kitandani."

"Hospitali umeijuaje?"

Mikono yake ikasimama.

"Mama, hospitali umeijuaje?"

Akaniambia. Mwaka wa pili binti yetu alilazwa siku sita, homa ya matumbo. Mke wangu alikuwa anapanda pale mlimani nyuma ya kanisa, mtandao unapokamata, anaongea naye asubuhi na mchana. Siku mtoto aliposhindwa kuongea, simu aliichukua yule mama mjane, aliyekuwa amekaa pembeni ya kitanda. "Kiingereza mimi sina, yeye Kiswahili hana. Alikuwa anasema neno moja, 'sleeping, sleeping,' na mimi nasema asante, asante, nalia. Baadaye mtoto akaniambia hakuondoka pale siku mbili."

Loo, nilikasirika. Nilipiga kelele, nikauliza mimi ni nani katika nyumba hii. Akaningoja nimalize. "Unaona?" akasema. "Ndiyo maana hatukukuambia. Mtoto alitaka kupumzika."

Nilikwenda kukaa zizini. Hasira ilipotoka, kilichobaki kilikuwa aibu. Miaka minne nilikuwa nampigia binti yangu, namuuliza, "Masomo yanaendaje?" naye ananijibu, "Mazuri baba," halafu anauliza, "Mama yupo?" Nilikuwa nadhani ni adabu tu. Na huyu mwanamke, aliyekuwa na mtu wa kumshukuru huko ng'ambo, alikuwa ameniona nikilainisha ngozi siku tatu, akaishia kuniambia niulize kwanza.

Nikarudi nikamwambia, "Utaenda wewe."

"Acha utani. Nani atakamua?"

"Mimi."

"Wewe! Watakupiga teke mpaka kule Masieda!"

"Nitarudi kwa miguu."

Akacheka hadi akafuta macho kwa kanga, kisha macho hayakukauka. "Baba," akasema, "mimi sherehe wala siijali. Nilitaka tu nimshike mkono yule mama." Jamani, tumeishi pamoja miaka thelathini na mbili, na sikuwahi kumsikia akisema "nilitaka".

Tangu siku hiyo daftari ni lake. Anaandika kwa penseli, herufi kubwa za darasa la saba, maswali ambayo mimi nisingeyafikiria: kuni wanatumia au gesi, wajane wao wanavaaje, mtu akikupa chakula unakataaje bila kumuudhi. Mimi nakamua. Ng'ombe wawili wamenizoea, wa tatu bado ananitafuta. Nimefurahi, sitaki kudanganya. Wivu kidogo upo, lakini nimefurahi.

Wiki iliyopita nilimsindikiza Babati kwenye ofisi ya uhamiaji kuomba pasipoti. Afisa alikuwa kijana mpole. Alipokea karatasi, akanigeukia mimi, akauliza sababu ya safari. Nikafungua mdomo, maana jibu nililipanga toka kwenye basi: sherehe ya mahafali ya binti.

Mke wangu akaniwahi. "Mwanangu aliugua mbali, mimi sikuweza kufika. Kuna mwanamke alikaa pale kwa niaba yangu. Naenda kumshukuru."

Afisa akaacha kuandika, akamwangalia. "Pole mama. Ila hapa kwenye fomu kuna kijisehemu kidogo, maneno mawili tu."

"Basi andika kutoa shukrani," akasema.

Nikafunga mdomo wangu. Kijana akaandika.