Shibiri ya Nani?

Miaka ya sabini nilikuwa mwalimu Kolandoto. Daktari mgeni aliyekuwa akirudi kwao aliniachia mchezo wa vita: askari wadogo wa plastiki wa kupanga mezani, na kijitabu cha sheria kwa Kiingereza. Nikazitafsiri kwa majivuno. Askari, kilisema, asogee inchi tisa kila zamu. Rula zetu mpya zilikuwa za sentimita tupu, kwa hiyo nikaandika, "Asogee shibiri moja." Nani asiyeijua shibiri, kiganja kilichotanuliwa kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho?

Jumapili moja walicheza shemeji yangu, mfugaji mwenye viganja kama majembe, na jirani yetu, mama mwembamba, fundi cherehani. Askari wa shemeji walivuka meza. Wa mama wakawa wanatambaa.

"Mwalimu," akauliza, "shibiri ya nani?"

Nikafoka kwamba sheria iko wazi.  Mama akavua shingoni futi yake ya kupimia nguo, akapima inchi tisa kwenye bua la mtama, akalikata, akaliweka katikati ya meza.

"Hili ni letu sote."

Shemeji alishindwa siku hiyo hiyo.

Nimeandika mengi tangu hapo, na wahariri wamenisahihisha kwa kurasa nzima. Ninayemshukuru ni yule aliyenisahihisha kwa maneno matatu.