Mwendo wa Saa Nne Kutoka Kiirua

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya biashara mjini Embu, nilivaa tai ya kaka yangu nikafika kabla mlango haujafunguliwa. Afisa Biashara Mkuu, Mwislamu wa pale mjini ambaye babake aliuza nyama sokoni, alinitazama kuanzia viatu hadi tai. "Wewe ni wa Meru," akasema. "Najua utapenda kusifu kwenu. Hapa sifa hazitoshi." Kisha akatandaza ramani mezani.

Kazi yetu ilikuwa kuwavuta wawekezaji, yaani watu wenye mtaji, waje wajenge viwanda na maghala vijijini. Kila mahali tuliandikia wasifu wa kiwanja: karatasi mbili za kueleza udongo, maji, umeme na muda wa kufika Nairobi. Wasifu wangu wa kwanza niliujaza sifa za barabara. Mkuu aliukatakata kwa kalamu nyekundu.

"Kabla hujasifu barabara, uliza mzigo utaharibika wapi. Mtu hujenga pale ambapo asipojenga atapata hasara. Umenisikia?"

"Ndiyo, mzee," nikajibu. Moyoni nilisema huyu mzee amechoka, astaafu tu.

Walinipeleka Kianjokoma, juu ya mji wa Embu. Siku hizo mvua ikinyesha njia ilikuwa tope tupu, maziwa ya wakulima yakichacha kabla ya kufika mjini. Nilimleta mfanyabiashara mmoja, akasimika tangi la kupozea maziwa pale pale sokoni. Nilivimba kichwa, sitadanganya. Nilipandishwa cheo kwa ajili ya tangi lile, na nikaamini kabisa kwamba ni karatasi zangu zilizolileta. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba lililetwa na tope.

Serikali za kaunti zilipokuja nilirudishwa nyumbani Meru, chini ya Mkurugenzi wa Uwekezaji, mtu mwerevu lakini mwenye haraka zake. Tukapata mwekezaji wa kukaanga viazi na kuvifunga kwenye pakiti. Alitaka kuona kijiji cha Kiirua, kwa sababu waru, yaani viazi vya huko, ni kubwa na ngumu. Alituandikia barua ya nia. Vijana mnaoanza kazi hii, shikeni jambo hili: barua ya nia inasema mtu anafikiria. Haisemi amekubali. Mimi nililijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote ofisini.

Shamba lililofaa, ekari tatu zinazogusana na lami, lilikuwa la Mama Mutuma, mjane tuliyesali naye kanisa moja. Mwanawe wa pekee, Mutuma, alikuwa akibeba mawe kwenye majengo Nairobi. Mama huyu hakuniuliza habari za kodi wala mkataba.

"Baba Kendi, hicho kiwanda kikikuja, Mutuma atarudi?"

"Atakuwa wa kwanza kuandikwa," nikamwambia. Hakuna aliyenituma niseme hivyo.

Tatizo lilikuwa moja tu. Karibu na ua, chini ya mti wa mgrevilea, alikuwa amelala mumewe. Mkurugenzi aliona kaburi kwenye mchoro wa saveya aliyepima shamba akakunja uso. "Kiwanja kiwe safi kabla mgeni hajarudi. Hakuna mtu atajenga juu ya mzee wa watu."

Ningeweza kumwambia tungoje mkataba. Badala yake nilikwenda kwa Mama Mutuma nikaketi jikoni kwake, nikamwambia imebaki sahihi tu. Alimaliza kumenya kiazi alichoshika, kisha akasema, "Alikuwa mtu wa kazi. Akijua ni kwa ajili ya kijana, atahama bila maneno."

Tukatafuta kibali. Wazee wawili walikataa kuja. Mchungaji alikuja akaomba kwa sauti ya chini, wakafukua, wakamweka mzee kwenye sanduku jipya, dogo, wakampeleka makaburi ya kanisa kule juu mlimani. Mama Mutuma alilifuata lile sanduku akiwa amebeba koti la mumewe mkononi. Sikuweza kumtazama.

Mwekezaji aliporudi nilitaka kumaliza kazi kwa kishindo. Nikapanga lori lijazwe viazi, mimi na yeye tulifuate kwa gari dogo nikiwa na saa mkononi. Tuliondoka Kiirua alfajiri, Mama Mutuma akiniona nikitazama saa. Kabla ya adhuhuri tulikuwa Nairobi, mwendo wa saa nne kamili, na hakuna kiazi hata kimoja kilichochubuka. Nilimwonyesha nikicheka kwa furaha. Yeye pia alicheka, akanishika mkono.

"Mzee, umenisaidia sana. Nilidhani nitalazimika kujenga huko kwenu. Kumbe viazi vinaweza kunifuata hapa."

Akajenga kando ya Nairobi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila hapa guu lililovunjika halikuwa langu. Mimi niliandika ripoti ya zile saa nne, nikapewa barua ya shukrani kwa sababu wakulima walipata soko. Na kweli walipata. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba siwezi hata kusema kazi yangu haikufaa kitu.

Nilistaafu. Kwa miaka miwili nilikwepa Kiirua, nikapitia njia nyingine nikienda Nanyuki. Mwezi uliopita nilijikaza nikaenda. Mama Mutuma amezeeka. Shamba lote amelipanda waru isipokuwa kipande kimoja karibu na ua, urefu wa mtu aliyelala, ambacho kina nyasi tu. Aliniona nikikitazama.

"Hapo jembe langu linakataa," akasema. Nilimwomba msamaha, kwa maneno hayo hayo, nisamehe. Aliniletea kiti.

Tulikuwa bado tumekaa lori la kiwanda liliposimama barabarani. Aliyeshuka alikuwa Mutuma. Siku hizi ndiye dereva wa kuchukua viazi vya Kiirua. Magunia yalipokuwa yakipakiwa mamake alimpa chai, akainywa akiwa amesimama mlangoni, jicho kwenye simu.

"Keti hata kidogo," mamake akamwambia.

"Siwezi, mathe. Tunapewa masaa manne mpaka Nairobi. Nikichelewa wananikata mshahara. Sijui ni nani alipima hiyo kitu."

Akaniaga kwa heshima, akapanda, akaenda. Mama Mutuma alikiokota kikombe, chai ikiwa imebaki nusu. Alikishika kwa mikono miwili akitazama barabara mpaka lori likapotea.

"Baba Kendi," akasema, bila hasira yoyote, "hukuweza kuandika tano?"