Naizi Aliyekataa Salamu

Juzi kwenye zahanati moja karibu na Karatu, mwanamke mwenye koti zuri la sufu alisimama peke yake, mbali na benchi letu. Nilimpisha akae, akakataa. Nikamnyooshea mkono, akauficha wake ndani ya koti.

"Naizi huyo!" nikasema kwa sauti. "Anaogopa tutamchafua."

Benchi likacheka. Ni neno tulilowapa wakubwa waliorithi viti vya wakoloni pamoja na maringo yao, nami hulitumia kwa raha.

Muuguzi akatoka, akamwekea dawa chini. Mwanamke akasubiri muuguzi asogee, ndipo akaziokota na kuondoka.

Mama mmoja wa kijiji cha Qurus aliyekaa karibu nami hakuwa amecheka. "Mwanangu, yule amefiwa na kichanga," aliniambia. "Kwetu Wairaqw, mama kama huyo hagusi mtu mpaka miezi yake ya kujitenga iishe. Anatukinga na mkosi wake."

Nikamkimbilia njiani nimwombe radhi. Aliponiona akarudi nyuma, kiganja mbele kunizuia.

"Usinisogelee, dada," alisema taratibu. "Nyumbani si una watoto?"